Majengo ya Zamani ya Mawe na Matofali Wakati wa Tetemeko

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukoba. Watu walikufa, nyumba nyingi zikabomoka, na sekondari kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika hadi zikafungwa kwa muda. Tarehe 3 Februari 2008 zilikuwa zimetikiswa Bukavu na Rusizi. Ilikuwa Jumapili, na waumini waliangukiwa na kanisa wakiwa ibadani. Kijitabu hiki ni cha wanaotunza majengo ya namna hiyo: kamati za makanisa na misikiti, wakuu wa shule, wenye nyumba za urithi.

Jiwe huvumilia sana kugandamizwa, ndiyo maana ukuta wake hubeba ghorofa miaka mia na zaidi. Lakini tetemeko husukuma ukuta kwa ubavu, huku na huku, na ukuta ukiwa mzito ndivyo unavyosukumwa kwa nguvu zaidi. Ukiwa umefungamana na kuta za pembeni, na boriti za sakafu zimeushika, nguvu hiyo hugawanywa. Usiposhikwa huachana na wenzake penye kona, hulala nje, na boriti huchomoka. Mara nyingi hutangulia ile pembetatu ya ukuta iliyo chini ya paa: haina uzito juu yake wala kitu cha kuizuia.

Tena, kuta nene za zamani nyingi ni nyuso mbili za mawe zilizojazwa kifusi katikati. Fundi makini alipitisha mawe marefu kutoka uso hadi uso. Pasipo mawe hayo, uso mmoja huvimba na kubanduka. Gonga ukuta kwa nyundo ndogo: pakilia kama debe tupu, ita mhandisi.

Mji wa Lisbon uliporomoka kwa tetemeko tarehe 1 Novemba 1755, na wahandisi wa Ureno walijenga upya kwa kutia ndani ya kuta fremu za mbao zenye mihimili iliyopishana kwa umbo la X. Mawe yakipasuka, mbao hupinda kidogo na kuendelea kuyashika. Majengo hayo yangali yanatumika katikati ya mji, na kwetu sisi huo ni ushahidi kwamba uashi wa zamani haustahili kubomolewa kwa hofu tu.

Kazi ya kwanza, basi, ni kufunga. Vyuma vipitishwe kutoka ukuta hadi ukuta na kukazwa kwa bamba upande wa nje; boriti zifungwe kwenye kuta; ile pembetatu ishikwe na kenchi za paa. Msiongeze nondo na zege bila mhandisi, kwani zege zito juu ya ukuta dhaifu huongeza balaa. Wala msizibe ukuta wa chokaa kwa lipu ya saruji: ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na hufungia unyevu ndani, chokaa ikaoza kimyakimya.

Kwenye ufa wa kona, paka kiraka chembamba cha jasi na uandike tarehe. Kiraka kikipasuka, ufa unaendelea kufunguka. Funga chumba chenye ufa huo leo, usingoje kikao.

Ardhi ikitikisika ukiwa ndani, jifiche chini ya meza imara, ushikilie miguu yake. Usikimbilie mlangoni: chini ya ukuta wa nje ndipo mawe yanapoangukia. Mtikisiko ukikoma, toka, simama mbali na kuta, na usirudi kuchukua chochote, kwa kuwa mitetemo midogo inayofuata huangusha kilichokwisha kulegea.