Kuendesha darasa la watu wazima Dumila

Darasa la watu wazima hudumu pale ambapo somo la jioni linamfaa mwanakisomo sokoni kesho yake. Dumila, mahali ambapo barabara ya Kilosa inachepuka kutoka barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, pana mahindi, nyanya, mizani na madalali. Mada za kufundishia zipo hata kabla vitabu havijafika.

Njia hii ya kufundisha kupitia kazi za watu ina historia nchini Tanzania. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata wilaya sita, mojawapo Mpwapwa inayopakana na Kilosa, zilitangulia katika kampeni ya kufuta ujinga. Vitabu vya kisomo chenye manufaa vilifundisha herufi kupitia pamba, migomba na uvuvi. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, ilifikia watu wapatao milioni 2 kwa sababu ilikwenda kwa vikundi: watu walisikiliza pamoja, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka asilimia 67 hivi mwaka 1967 hadi chini ya 10 mwaka 1986. Juhudi zilipolegea, idadi ikapanda tena.

Somo zuri la kuanzia Dumila ni lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo. Mwalimu anaweka darasani gunia tupu na debe, na wanakisomo wenyewe wanapima. Gunia la debe sita likishindiliwa na kuongezwa kilemba hadi likameza debe saba, mkulima aliyeuza magunia 10 ametoa debe 10 bure. Hesabu hiyo iandikwe ubaoni kwa tarakimu, na kila mtu ainakili kwenye daftari lake kwa bei ya msimu huo. Ndipo neno “gunia” livunjwe silabi, gu-ni-a, zitokee ga, ge, gi, go, gu. Sheria ya vipimo inakataza kufungasha mazao zaidi ya kilo 100, na anayeweza kusoma tarakimu za mizani ana pa kusimamia anapobishana na dalali. Hapo kusoma kunakuwa kinga ya jasho la mtu.

Wanawake mara nyingi ndio wengi darasani, na wengi wao wamo katika vikoba. Daftari la hisa na mikopo la kikundi chao ni kitabu cha kiada kisicho na mshindani, kwani kila mmoja ana hamu ya kulitafuta jina lake na kiasi alichoweka. Kutia saini badala ya dole gumba kufundishwe mapema, ndani ya wiki za mwanzo. Heshima inayopatikana hapo huvuta majirani kuliko tangazo lolote. Mtu mzima asikaripiwe wala asiimbishwe alfabeti kama mtoto. Akiaibishwa mara moja, harudi.

Jamii ishirikishwe kabla darasa halijafunguliwa. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila miezi mitatu, ndio mahali pa kukubaliana siku, saa na jengo. Viongozi wa vitongoji, misikiti na makanisa wakilitangaza, hakuna anayeona haya kujiandikisha. Ratiba ifuate shamba: mahindi yakishavunwa watu wanapata nafasi, na mvua za kupandia zikianza vipindi vipunguzwe badala ya kulazimishwa. Kwa wafugaji wa Kimaasai ni busara mwalimu awafuate bomani, na Kiswahili chenyewe kiwe sehemu ya somo. Wilaya kama Kilosa, yenye historia ya migogoro ya wakulima na wafugaji, inahitaji darasa ambapo pande zote mbili zinajifunza kusoma ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji.

Anayehitimu bila kitu cha kusoma husahau. Kwa hiyo mwalimu akusanye magazeti, vipeperushi vya mbegu na viuatilifu, kadi za kliniki na taarifa za mapato na matumizi zinazobandikwa ofisi ya kijiji, na wanakisomo wapewe zamu ya kuwasomea wenzao. Wanaotaka kuendelea waelekezwe kwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ambako wanaweza kujiandaa kwa Mtihani wa Maarifa na hatimaye kidato cha nne. Wanaopenda ufundi, vyuo vya maendeleo ya wananchi vinawapokea.