Hukumu ya Kuharibu Mimba, na Mali ya Baitulmali

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone la manii, akamwekea makazi na riziki tumboni mwa mama yake, hali hana jina wala mali wala mtu wa kumsemea. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Amma baad. Mtu akiulizwa barazani juu ya kuharibu mimba hujibu upesi kuwa ni haramu, na jawabu hilo lina asili. Walakini akiulizwa ni nani atoe fedha ya kumtibu mwanamke aliye katika hatari ya mimba, au ya kumlea mtoto ambaye baba yake hana kitu, hunyamaza. Masala haya mawili yamefungana, na anayeshika moja akaliacha la pili ameshika nusu ya Sharia. Yapasa basi kuyatazama yote mawili, na kujua mali ya umma itoke wapi na isitoke wapi.

FASLU YA KWANZA
Katika daraja za mimba na hukumu yake

Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya Al-Muuminun, aya ya 12 hata ya 14, jinsi mtoto anavyopita daraja baada ya daraja: tone, kisha pande la damu, kisha pande la nyama, kisha mifupa, kisha mifupa kuvikwa nyama, kisha kufanywa kiumbe kingine. Na katika Hadithi ya Ibn Masuud (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, zimetajwa siku arobaini mara tatu, ndipo Malaika hutumwa kupulizia roho. Jumla yake ni siku 120, nayo ndiyo miezi minne.

Baada ya kupuliziwa roho, maulamaa wote wameafikiana kuwa kuharibu mimba ni haramu, kwani ni kuua nafsi. Kabla ya hapo wamekhitalifiana. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, amebainisha katika Ihyaa kuwa ni jinai juu ya kitu kilichokwisha kuwako, na kwamba ubaya wake huzidi kila mimba inapopanda daraja. Ibn Hajar katika Tuhfa ameelekea upande wa kuharimisha tangu tone linapotua katika kizazi. Ramli katika Nihaya ameipa nguvu kauli ya kujuzu kabla ya roho na kuharimu baada yake. Vitabu hivi viwili ndivyo nguzo za wanazuoni wa Kishafii wa pwani hii, na mwenye kutaka salama katika dini yake hushika kauli ya Ibn Hajar, wala hamtukani aliyeshika ya Ramli. Wamaliki wengi wamekaza zaidi. Katika Wahanafi wako waliotoa ruhusa kabla ya siku 120 kwa udhuru, na katika nyudhuru walizozitaja ni mama kukatikiwa na maziwa kwa ajili ya mimba mpya, na baba hana fedha ya kuajiri mnyonyeshaji. Msomaji na aishike nukta hii, kwani udhuru huo asili yake ni ufukara, na ufukara una dawa nyingine.

Na dhamana ya mimba ni jambo lililothubutu. Wanawake wawili wa kabila la Hudhail waligombana, mmoja akamtupia mwenziwe jiwe, akamuua yeye na kilichomo tumboni mwake. Mtume (S.A.W.) akahukumu kwa mtoto wa tumboni ghurra, yaani mtumwa mwanamume au mwanamke, na diya ya mama akaiweka juu ya aakila, nao ni jamaa wa kuumeni wa aliyeua. Wanazuoni wa Kishafii wameikadiria thamani ya ghurra kuwa ni ngamia watano, nayo ni sehemu moja katika kumi ya diya ya mama. Ghurra hurithiwa na warithi wa mtoto, na aliyeiharibu mimba harithi kitu, hata akiwa ni mama au baba. Na kafara juu yake ni lazima. Wala haikushurutishwa umbo liwe dhahiri: wakunga wakishuhudia kuwa lile pande la nyama lina sura ya mtu iliyofichikana, ghurra yalazimu.

Ama mama akiwa katika hatari ya kufa, Baraza la Fiqhi la Rabita lililokutana Makka mwaka 1990 liliamua kuwa baada ya siku 120 mimba haitolewi, ijapokuwa mtoto ana kilema, illa jopo la matabibu mahodari waaminifu lithibitishe kuwa kuiacha ni hatari ya yakini kwa uhai wa mama. Hapo hujuzu ili kuondoa dhara iliyo kubwa zaidi. Na kabla ya siku 120, matabibu wakithibitisha kilema kikubwa kisicho na dawa, hujuzu kwa kutaka kwao wazazi wawili.

FASLU YA PILI
Katika mali ya umma na mambo yaliyokatazwa

Nchi iliyobishana zaidi juu ya fedha ya serikali katika jambo hili ni Marekani. Mwaka 1973 mahakama yao kuu ilihukumu kuwa mwanamke ana haki ya kutoa mimba. Hukumu hiyo ikatanguliwa mwaka 2022. Lakini mapema, mwaka 1976, mjumbe wao mmoja, Henry Hyde, Mkatoliki, alipitisha sharti kuwa fedha ya mfuko wa matibabu ya masikini, uitwao Medicaid, isitumike kutolea mimba illa kwa sababu chache. Sharti hilo likashitakiwa, na miongoni mwa washitaki walikuwamo wanawake wa Kanisa la Methodist, wakidai kuwa serikali imefuata itikadi ya Wakatoliki na kuwalazimisha wengine. Mwaka 1980 mahakama ikahukumu, majaji watano kwa wanne, kuwa haki ya kufanya jambo hailazimishi serikali kulilipia, na kuwa sheria haibatiliki kwa kuwa imeafikiana na dini ya watu fulani.

Ugomvi huo haukukaa kwao peke yao. Mwaka 1984 walitangaza kuwa jumuiya za nchi nyingine zinazotoa au kupigania utoaji wa mimba zisipewe fedha yao ya uzazi wa mpango. Amri hiyo imekuwa ikiondolewa na kurejeshwa kwa zamu ya watawala, na mwaka 2025 ikarejeshwa tena. Iliporejeshwa mwaka 2001, zahanati kadhaa katika Kenya zilifungwa kwa kukosa fedha, na zahanati hizo zilikuwa zikiwatazama wajawazito na watoto pia. Hapa pana funzo: mkono uliokusudia kuzuia haramu ulizuia na halali pamoja nayo, kwa kuwa haukutenganisha.

Sharia inatenganisha. Katika kanuni za fiqhi, njia ina hukumu ya kile inachofikia: fedha inayofikisha kwenye wajibu hutolewa kwa wajibu, na inayofikisha kwenye haramu haijuzu kutolewa. Mwenyezi Mungu ameamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu, akakataza kusaidiana katika dhambi na uadui (Al-Maida, aya ya 2). Na Imamu Shafii amemfananisha mtawala kwa raia zake na walii kwa mali ya yatima: hatoi illa kwa maslaha.

Wala mtawala mwenyewe hakutolewa katika dhamana. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alimpelekea mwanamke mjumbe wa kumwita, mwanamke akaingiwa na hofu, akashikwa na utungu njiani, akazaa mtoto akalia kisha akafa. Baadhi ya sahaba wakamwambia Umar hana lawama, kwani alikuwa akiadabisha. Sayyidna Ali akasema kuwa diya ya mtoto iko juu yake, na Umar akaikubali. Wanazuoni wa Kishafii wana kauli mbili katika kosa la mtawala: iliyo na nguvu ni kuwa hulipwa na aakila yake, na ya pili hulipwa na Baitulmali. Basi ikiwa serikali hudaiwa mtoto aliyekufa kwa kutishwa mama yake, vipi isidaiwe mtoto anayekufa kwa njaa ya mama yake?

FASLU YA TATU
Katika posho ya watoto wachanga

Sayyidna Umar alipopanga posho za Waislamu kutoka katika Baitulmali, hakumpangia mtoto illa baada ya kuachishwa ziwa. Usiku mmoja msafara wa wafanya biashara ulitua Madina, naye akatoka pamoja na Abdurrahman bin Auf kuulinda. Akasikia mtoto akilia, akamwendea mama akamsihi amtulize mwanawe. Akarudi mara ya pili na ya tatu, mtoto yu vile vile. Alipomlaumu, yule mwanamke, naye hamjui anayesema naye, akamjibu kuwa anamzoeza mtoto kuacha ziwa, naye anakataa. Akamwuliza kwa nini, na mtoto bado ni mdogo? Akasema kuwa Umar hampi posho illa aliyeachishwa.

Umar akasalisha alfajiri, watu wasiweze kuyafahamu masomo yake kwa wingi wa kilio. Alipotoa salamu akajilaumu mbele ya watu: ni watoto wangapi wa Waislamu aliowaua! Kisha akaamrisha ipigwe mbiu, watu wasiharakishe kuwaachisha watoto wao, kwani kila azaliwaye katika Uislamu ana posho yake. Na amri hiyo ikaandikwa miji yote.

Msomaji na azingatie. Umar hakumwamrisha mtu kumtesa mtoto, wala yule mama hakuwa mwovu. Kanuni ya hazina ndiyo iliyomsukuma. Naye Umar hakutuma askari wa kuwapiga wanawake wanaowaachisha watoto mapema, aliigeuza kanuni. Mwenyezi Mungu amekataza kuua watoto kwa ajili ya ufukara uliopo (Al-Anaam, aya ya 151), na akaahidi kuwaruzuku wazazi kwanza kisha watoto. Na akakataza kuwaua kwa kuogopa ufukara unaokuja (Al-Israa, aya ya 31), akaahidi kuwaruzuku watoto kwanza kisha wazazi. Riziki ni ya Mwenyezi Mungu, lakini huipitisha mikononi mwa watu, na mkono wa mtawala ni katika mikono hiyo.

MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Mwanamke ameharibu mimba kwa siri, naye anavuja damu. Je, kumtibu kwa mali ya umma si kusaidia dhambi?
Jawabu: Siyo. Dhambi imekwisha kupita. Kilichobaki ni nafsi inayotaka kutoka, na kuiokoa ni faradhi ya kutosheleza juu ya wanaoweza. Anayemwacha afe ameongeza mauti juu ya mauti.

Suali: Tabibu akisema mimba itamuua mke, na mume hana kitu, nani alipe?
Jawabu: Vitabu vya madhehebu havikutia ujira wa tabibu na dawa katika nafaka ya lazima ya mume, ingawa maulamaa wengi wa zama hizi wamemlazimisha, na kukaa na mke kwa wema hakukamiliki pasi na hayo. Asipokuwa na mali mke wala mume, huwa juu ya Baitulmali, na isipokuwapo, juu ya Waislamu wenye wasaa. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imekataza kutoa mimba illa kwa haja ya matibabu ya dharura, au hatari ya uhai au afya ya mama, au sheria nyingine iruhusupo. Na katika kifungu cha 43 imesema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Katika kuokoa uhai, Katiba na Sharia zimekutana. Neno la afya ni pana, na Muislamu hulipima kwa mizani ya Faslu ya Kwanza.

Suali: Serikali ikichukua kodi ikaitumia katika haramu, mlipaji ana dhambi?
Jawabu: Aliyelazimishwa hana dhambi; dhambi ni ya aliyeamrisha. Juu yake ni kuchukia, na kusema kwa njia njema panapo nafasi ya kusema.

Suali: Mimba ikiwa ya zinaa?
Jawabu: Mtoto hachukui dhambi ya mzazi. Mwanamke wa Ghamid alimjia Mtume (S.A.W.) kukiri zinaa, naye ana mimba. Mtume akamrudisha mpaka ajifungue, na katika riwaya moja iliyomo katika Muslim, mtu wa Ansari akasimama kudhamini kunyonyeshwa kwa mtoto. Hukumu ya Mwenyezi Mungu ilingoja kwa ajili ya aliyemo tumboni, na mtoto akapata wa kumgharimia siku ile ile.

KHATIMA

Maneno haya yaelekezwa kwa wanaume. Mwanamke hapati mimba peke yake, na mara nyingi anayekwenda kwa mganga usiku na kikombe cha dawa amesukumwa na mwanamume aliyemkana, au mume aliyemwacha bila nafaka, au baba aliyemtishia kumfukuza. Mwenyezi Mungu ameamrisha mtalaka mwenye mimba apewe nafaka mpaka azae (At-Talaq, aya ya 6). Basi mke asiyeachwa ana haki zaidi. Anayetaka hazina ya serikali isinunue haramu, amesema haki. Na aitake vile vile imtibu mama na kumlisha mtoto, na kabla ya kuitazama hazina ya serikali, na atazame mfuko wake mwenyewe.

Mwenyezi Mungu azihifadhi mimba za wanawake wa Kiislamu, awaongoze wenye mamlaka, na awape wanaume huruma juu ya walio chini ya mikono yao. Amin.

Wallahu aalam.