Kipimo cha mimba husema ipo, hakisemi iko wapi

Mwanamke akikosa hedhi, mara nyingi hununua kipimo cha mkojo kwenye duka la dawa. Mistari miwili ikitokea, anajua ni mjamzito. Je, kipimo hicho hutafuta nini?

Kila mwezi, homoni ya estrojeni huunenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Yai likishatoka kwenye ovari, homoni ya projesteroni huongezeka na kuuandaa ukuta huo kupokea mimba. Yai likirutubishwa kwenye mrija wa uzazi, husafiri hadi mji wa mimba na kujishikiza ukutani, kwa kawaida kati ya siku ya 6 na ya 10. Hapo mimba changa huanza kutoa homoni yake, HCG, ambayo huiagiza ovari iendelee kutoa projesteroni. Projesteroni ikipungua, ukuta hubomoka na damu hutoka.

Kipimo cha mkojo hutafuta HCG. Ndiyo maana ukipima mapema mno, kinaweza kuonyesha huna mimba ilhali unayo. Subiri siku ya hedhi ipite, kisha upime kwa mkojo wa asubuhi.

Jambo la kuzingatia ni hili: mimba iliyojishikiza ndani ya mrija nayo hutoa HCG, na mistari miwili hutokea vilevile. Mrija hautanuki kama mji wa mimba. Ukipasuka, damu humwagika tumboni na mama anaweza kufa katika muda mfupi. Picha ya ultrasaundi ndiyo huonyesha mimba iko wapi.

Nenda hospitali mara moja ukikosa hedhi au ukijua una mimba, kisha upate:

• maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja;
• kutokwa na damu, hata kidogo;
• kizunguzungu au kuzirai;
• maumivu kwenye ncha ya bega.

Kutoka Hulugho, Ijara au Balambala hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Garissa ni mbali, na wakati wa mvua barabara hupitika kwa shida. Kwa hivyo, piga simu kituo cha afya kilicho karibu mapema, au mwite mhamasishaji wa afya wa kijiji. Ikiwa mume yuko malishoni na mifugo, asisubiriwe ndipo mama asafirishwe. Familia ikubaliane leo nani atatoa gari na nani atabaki na watoto.