'KILA' NA '-OTE' KATIKA ORODHA: MFANO WA MIZANI YA MAJANI CHAI

Utangulizi
Makala haya yanakusudia kubainisha kwamba tofauti ya kisarufi kati ya 'kila' na '-ote' humkabili pia mwandishi wa programu za kompyuta. Mfano unatolewa Kericho na Bomet, ambako wakulima wadogo wanaohudumiwa na viwanda vilivyo chini ya KTDA, kama vile Litein na Mogogosiek, hupimiwa majani mabichi katika vituo vya kununulia na kulipwa kwa kilo.

Kutoka Kamusi hadi Orodha
Ichukuliwe kuwa mkulima amepimiwa gunia la kilo 14 Jumatatu, 9 Jumatano na 17 Ijumaa. Katika lugha ya Python, rekodi hii huweza kuhifadhiwa katika objekti iitwayo kamusi: siku ni kidahizo, kilo ni maelezo yake. Kamusi hiyo ikiitwa 'kilo', amri list(kilo) hurejesha vidahizo pekee; siku huonekana, uzito ukaachwa nje. Anayetaka uzito sharti aandike list(kilo.values()), apate [14, 9, 17].

Kitendakazi na Vipengele
Ichukuliwe tena kuwa kilo 1 hutolewa kufidia uzito wa gunia. Kitendakazi cha kutoa kilo hiyo kikipitishwa kwa map, hugusa kipengele kimoja kimoja: 13, 8, 16, jumla 37. Tangu Python 3 ilipotolewa mwaka 2008, map haitoi orodha moja kwa moja, hivyo tokeo lake hufungwa tena ndani ya list. Kitendakazi hicho kikitumiwa baada ya kujumlisha, 40 huwa 39.

Sarufi ya Agizo
Agizo 'toa kilo 1 kwa kila gunia' halina utata: 'kila' hutangulia nomino ya umoja na kugawa tendo. Lakini 'toa kilo 1 kwa magunia yote' laweza kumaanisha kilo 3 au kilo 1. Kinyume chake, kato la mara moja kwa mwezi likipitishwa kwa map, mkulima huyu hukatwa mara tatu.

Hitimisho
Kompyuta haiulizi agizo lilikusudia nini. Utata usipoondolewa katika sentensi, huishia katika malipo ya mchumaji.