Bunduki Haina Ukoo: Mafunzo Niliyopata kwa Shotigani ya Baba

Baba alifariki Februari 2016. Aliacha shamba la ekari kumi na mbili nje kidogo ya Kibwezi, ng'ombe wanne, redio iliyokuwa haizimwi, na bunduki moja. Shamba tuligawana kwa siku moja chini ya mwembe, wazee wa ukoo wakiwa wamekaa na Mwaitu, mama yetu, akiwapitishia muthokoi. Ng'ombe tuligawana jioni hiyo hiyo. Bunduki ilituchukua miaka minne.

Ilikuwa shotigani ya mtutu mmoja, geji 12, ya kukunjwa katikati. Kitako chake cha mbao kilipasuka zamani na baba akakifunga kwa waya wa shaba. Aliinunua mwaka 1971 akiwa mwalimu mkuu, kwa sababu ya nyani waliokuwa wakishuka kutoka vilima vya Chyulu kila mahindi yakianza kubeba.

1. Bunduki ya familia haipo

Tangu utotoni tuliiita "bunduki yetu". Kosa lilianzia hapo, kwenye hilo "-etu".

Upinde wa babu ulikwenda kwa mwanawe wa kwanza siku ya mazishi, pamoja na thyaka lake na mishale iliyobaki ndani. Hakuna aliyeuliza neno. Kwa hiyo kaka yangu mkubwa aliona bunduki ifuate njia ile ile. Mimi niliona tofauti: yeye ameishi Mombasa miaka ishirini, mimi ndiye niliyekuwa nikilala shambani na baba msimu wa mavuno. Tulibishana mpaka mzee mmoja akataja kithitu. Mkamba akisikia neno hilo ananyamaza, maana kiapo kile hakichezewi. Anayekila kwa uongo huanza kuzika watu wake mmoja mmoja.

Aliyetuokoa ni naibu wa chifu, ambaye alikuwa amekuja kwa shughuli nyingine kabisa. "Nyinyi wawili," alisema, "mnagombania kitu ambacho si cha yeyote kati yenu."

Alikuwa sahihi. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya sheria za Kenya, cheti hutolewa kwa mtu mmoja. Kinataja bunduki kwa nambari yake, na kinataja hata idadi ya risasi anazoruhusiwa mwenyewe. Mwenye cheti akifa, cheti kimekufa naye, na mwanawe anaanza upya kama mtu yeyote aliyetoka barabarani. Baba alikuwa ametuachia chuma na mbao tu. Haki ya kuvishika alikwenda nayo.

2. Usiilaze chini ya kitanda, hata wiki moja

Tulipokuwa tunabishana, bunduki ilikuwa chini ya kitanda cha Mwaitu, imeviringishwa kwa leso. Ilikaa wiki tisa. Mama wa miaka sabini na tatu, mshirika wa kanisa, alikuwa akilala kila usiku juu ya kosa la jinai bila kujua, na sisi wanawe wawili wenye shahada tulikuwa tumekaa sebuleni tukizungumzia urithi.

Tuliipeleka kituoni tukiwa na naibu wa chifu. Ilikuwa imekunjwa wazi, ndani ya leso na gunia, na zile risasi kumi na nne nyekundu tukazibeba kando katika mkebe wa Blue Band. Hapo nikafanya kosa la pili. Askari wa zamu aliandika kitabuni: bunduki moja kuukuu. Basi. Hakuandika nambari ya bunduki, nami nikatia sahihi kwa sababu nilitaka kuwahi matatu.

Niliporudi baada ya miezi kadhaa, yule askari alikuwa amehamishwa na hakuna aliyejua ninazungumzia bunduki gani. Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu ilipatikana nyuma ya kabati, leso ya Mwaitu ikiwa bado juu yake, na hiyo leso ndiyo iliyokuwa ushahidi wangu mkuu.

Katikati ya safari hizo, tarehe 15 Novemba 2016, televisheni ilionyesha serikali ikichoma bunduki 5,250 kule Ngong. Zilikuwa silaha haramu na zile zilizosalimishwa, zimepangwa kama kuni. Mwaitu alisogeza kiti karibu na kioo. "Ile yenye waya," aliuliza, "si hiyo?" Nilicheka. Usiku huo sikulala.

3. Kinachopiga ni karatasi

Baba alipenda kusimulia kisa cha J. A. Hunter, Mskoti aliyetumwa na idara ya wanyamapori ya serikali ya kikoloni kusafisha msitu wa Makueni ili watu wapewe makao. Kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946 aliua vifaru 996. Naandika tena kwa maneno, msomaji asidhani ni kosa la chapa: vifaru mia tisa tisini na sita. Baadaye alijenga hoteli pale Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, na wapita njia wa rika langu wote wanakijua kibao chake.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1956 na 1957, serikali ile ile iliendesha msako mkubwa wa wawindaji katika Tsavo. Waliokamatwa walikuwa Wakamba na Wawaata wenye pinde na mishale ya sumu. Wengi walifungwa, na babu aliuficha upinde wake darini mpaka uhuru.

Simtetei jangili. Nimeona mzoga wa ndovu nikiwa mtoto na harufu yake sijaisahau. Lakini baba alikuwa na hoja, na alikuwa akiisema huku akigonga kifuko cha shati alimoweka cheti chake: kilichomtofautisha yule mzee wa Kiboko na babu yako ni hiki hapa. Uwindaji ulipopigwa marufuku nchini mwaka 1977, hiki hapa kilibadilika tena, na wenye bunduki halali wakalala wawindaji wakaamka wakosaji. Baba hakuwahi kuchelewa kufanya upya cheti chake hata mwaka mmoja. Nilidhani ni uoga wa mwalimu.

4. Sheria ya Marekani iache Marekani

Hapa ndipo nilipokaribia kuharibikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Krismasi ya 2017 mtoto wa shangazi alirudi kutoka Texas. Tulipokuwa tunachoma mbuzi, nilimweleza habari za bunduki iliyokwama kituoni. Akatoa simu akanionyesha picha. Naye alikuwa na shotigani ya urithi, ya baba mkwe wake, na alikuwa ameikata mtutu mpaka inchi 14. Kihalali kabisa. Alijaza fomu ya serikali kuu, akatoa alama za vidole na picha, akalipa dola 200, akachonga jina lake na mji wake kwenye chuma, akasubiri miezi minane kupata kibali. Siku kilipofika ndipo alipogusa msumeno. Aliisimulia kama mtu anayesimulia harusi yake.

Baadaye nilisoma asili ya jambo lenyewe. Sheria hiyo ni ya mwaka 1934, zama za majambazi wa mijini waliokuwa wakificha bunduki fupi ndani ya makoti. Bunge la Marekani halikuzipiga marufuku. Liliweka mpaka wa inchi 18 za mtutu, na anayetaka kushuka chini yake ajisajili na alipe dola 200, pesa ambazo wakati ule zilizidi mbali bei ya bunduki yenyewe. Mwaka 1939 kesi ya watu wawili waliovuka kutoka Oklahoma hadi Arkansas na shotigani fupi ilifika Mahakama ya Juu, na sheria ikasimama. Kodi hiyo haikupanda hata senti kwa miaka tisini, na tangu Januari 1, 2026 imefanywa sufuri kwa bunduki za aina hii. Usajili umebaki.

Mimi nilisikia maneno mawili tu: kihalali na inchi. Mjomba wangu wa Mutomo, upande wa Kitui, alisikia zaidi. "Mpwa wangu, sasa hiyo ndiyo akili," alisema. "Ukiitoa pale kituoni, ikate. Iingie chini ya koti." Kwao Kitui kuna migogoro ya malisho kila ukame unapobana, na mtu anayelala na hofu ya kuvamiwa huwezi kumcheka. Nilirudi nyumbani, nikakata mpini wa ufagio inchi 18, nikausimamia gizani nyuma ya mlango nikijifanya nalinda nyumba. Nina aibu kuliandika hilo, lakini ndilo nililofanya.

Mwezi uliofuata nilikwenda Nairobi kwa muuza silaha mwenye leseni, kuuliza fomu ya kufupisha mtutu hupatikana wapi. Alinitazama kwa muda. "Mwalimu," alisema, "ukikata hiyo hutakuwa na bunduki fupi. Utakuwa na kesi ndefu."

Kenya haina fomu hiyo. Haina kodi ya kulipia, haina muhuri wa kusubiri. Kufupisha mtutu wa shotigani namna ile ni kosa lenyewe, iwe bunduki ina cheti au haina. Wamarekani waliweka lango na wakaweka ada langoni. Sisi tulijenga ukuta. Unaweza kupendelea lango au ukuta, lakini usiende na ufunguo wa lango la mwenzako kwenye ukuta wako.

5. Na hata ingekubaliwa, isingefaa

Yule muuza silaha, alipoona sikukasirika, alinifundisha. Watu wanadhani mtutu mfupi unaongeza nguvu. Hauongezi. Risasi ya marisawa inapoteza mwendo kidogo, mlio na mwali vinazidi. Tena mdomo wa mtutu umebanwa kidogo kwa ndani, nao huitwa choki. Huo ndio unaokusanya marisawa yasitawanyike upesi, na ndio wa kwanza kuondoka ukikata. Mtutu mfupi una sifa moja kubwa, nayo ni kufichika. Mkulima anamficha nani? Nyani anapaswa kuiona bunduki kutoka mbali. Baba alikuwa akiibeba begani kuzunguka shamba la ndengu hata siku zisizo na risasi, na nyani walikuwa wakimheshimu.

6. Jiandae kwa swali moja: ya nini?

Mwishoni mwa 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliagiza wenye bunduki wote nchini wakaguliwe upya, na muda ukaisha Machi 2019. Vyeti vya zamani vilikufa, vipya vikaja vya kadi. Ombi langu lilirudi mwanzo wa foleni: cheti cha tabia njema, alama za vidole, barua ya chifu, sanduku la chuma la kufungia lililotiwa saruji ukutani.

Kikaratasi kimoja kilinishinda, kile cha sababu. Niliandika "urithi". Afisa alikipiga mstari. Niliandika "nyani". Akanikumbusha, kwa upole, kwamba wanyamapori si wangu kuwapiga na kwamba simu ya kwanza ni ya KWS, shirika la wanyamapori. "Afande," nilisema, "basi niandike nini?" Akasema niandike ukweli. Nilikaa kwenye benchi nusu saa nikiutafuta. Sikuwa na adui wala duka, na pesa za kuibiwa sikuwa nazo. Nilikuwa na baba aliyekufa. Mwishowe niliandika ulinzi wa shamba na mifugo, ambayo ni kweli pia, ila si yote.

7. Waya wa shaba usiondoe

Nilimpelekea mchongaji wa Wamunyu picha ya kitako kilichopasuka, nikidhani mikono inayochonga twiga itakichonga na hicho. Hata hakutaka kuona vipimo. "Lete karatasi kwanza," alisema. Kila mtu Ukambani, inaonekana, alijua habari ya karatasi isipokuwa mimi. Kitako kilitengenezwa Nairobi na fundi mwenye leseni. Alitaka kutoa waya; nilimwomba aurudishe juu ya mbao mpya, ingawa hauna kazi tena.

Cheti kilitoka 2020, na jina lililomo ni langu peke yangu. Kaka yangu akija likizo anaiangalia ikiwa ukutani, haishiki, na tumeandika barua kwa naibu wa chifu kueleza itapelekwa wapi siku nitakayofariki. Mtutu una inchi 28, kama ulivyotoka kiwandani.

Kama mzee wako amefariki na kuna kitu kirefu kimeviringishwa chini ya kitanda cha mama, kipeleke kituoni kesho asubuhi. Nenda na mtu wa serikali ya mtaa. Tenga risasi. Hakikisha nambari ya bunduki imeandikwa kitabuni mbele ya macho yako, na usiondoke pale bila nambari ya OB, kitabu hicho cha matukio, hata matatu ikikuacha.