Shahada ya Mawasiliano: Tupige Hesabu Kwanza

Wengi wetu katika Chama cha Kiswahili tunapoulizwa tutasomea nini, jibu huwa moja: uanahabari na mawasiliano. Si ajabu. Tumezoea midahalo, utangazaji wa gwaride na kusoma taarifa jukwaani. Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naona tufungue daftari kabla ya kujaza fomu za KUCCPS. Kwetu nyumbani jambo hili si la mzaha. Baba amesema yuko tayari kuuza nusu eka ya shamba ili nisome. Nusu eka ikienda, imekwenda.

Tuanze na njia zilizopo. Shahada huchukua miaka minne na humtaka mwanafunzi awe na alama ya C+ katika KCSE. Stashahada humpokea hata mwenye C-, na ni ya muda mfupi zaidi. Tena msidhani stashahada ni ya walioshindwa, la hasha! Taasisi ya KIMC pale Nairobi imefunza watangazaji na mafundi wa mitambo tangu 1961, kabla Chuo Kikuu cha Nairobi hakijaanzisha masomo ya uanahabari mwaka wa 1970.

Sasa hesabu. Takwimu hizi ni za kufanyia zoezi tu. Kila mmoja aweke za chuo anachokitaka. Tuseme karo ya shahada ni shilingi 120,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni 480,000. Stashahada ya miaka miwili, kwa shilingi 70,000 kila mwaka, ni 140,000. Chakula na kitanda nimeviacha nje, kwani tumbo halijui kama uko chuoni au kazini. Tofauti ya karo basi ni 340,000.

Wengi hukomea hapo, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Mwenye stashahada akipata kazi ya shilingi 25,000 kwa mwezi, atakuwa amepokea 600,000 katika ile miaka miwili ambayo mwenzake bado yuko darasani. Hiyo nayo ni gharama ya shahada, hata kama hakuna risiti yake. Jumlisha: 940,000.

Haya, mwenye shahada naye anaanza kazi kwa shilingi 40,000. Anamzidi mwenzake kwa 15,000 kwa mwezi, yaani 180,000 kwa mwaka. Gawanya 940,000 kwa 180,000. Atamfikia baada ya miaka mitano na miezi kama mitatu, kisha ndio aanze kumpita. Si vibaya kwa mtu wa miaka ishirini na kitu. Lakini akikaa mwaka mzima akitembeza bahasha mjini bila kazi, mwenzake anaongeza 300,000 nyingine, na muda huo unakuwa karibu miaka saba. Kumbe kinachotisha zaidi si karo, ni kule kungoja kazi!

Na kazi zenyewe zikoje? Mwaka wa 2020, wakati wa korona, vyombo vikubwa vya habari nchini viliwaachisha kazi watu wengi. Waandishi wengi wa mashinani hawana mshahara, hulipwa kwa kila habari iliyochapishwa; habari ikitupwa, nauli ya pikipiki ni hasara yako. Hata hivyo mawasiliano si redio na magazeti peke yake. Tangu 2013 tuna serikali za kaunti 47, nazo huajiri maafisa wa mawasiliano. Kuna mashirika, benki, hospitali na matangazo ya biashara. Huko ndiko shahada huulizwa mlangoni, na sisi wa Kiswahili tunaweza kuongeza tafsiri juu yake. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pia, kwa hiyo kazi hiyo ipo.

Kuhusu fedha za serikali, mniwie radhi, mimi singezitegemea zote. Mpango wa 2023 uliowagawa wanafunzi katika makundi kulingana na hali ya kwao ulitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, kesi ikaenda rufani. Afadhali kuhesabu karo nzima, msaada ukija uwe nyongeza.

Mkopo wa HELB ni rahisi kuliko wa benki: riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka. Ukikopa 240,000, riba ya mwaka wa kwanza ni 9,600. Ila ukishindwa kulipa wakati wake ukifika, faini ni 5,000 kila mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Faini inaishinda riba zaidi ya mara sita, jamani!

Mimi nimemwambia baba asiuze shamba kwanza. Nitaomba shahada katika chuo cha umma kama chaguo la kwanza, na nafasi ya stashahada niiweke akiba. Kabla ya hapo nitawauliza waliomaliza katika chuo hicho maswali mawili tu: ulikaa miezi mingapi kabla ya kupata kazi, na mshahara wa kwanza ulikuwa ngapi? Majibu yao nitayaweka mahali pa zile takwimu zangu za zoezi, kisha mimi na baba tutagawanya upya.