Weusi wa Chai na Weusi wa Muhogo

Mkulima wa Munje, kila asubuhi wanywa chai, lakini mti wake huuoni shambani mwako. Mti huo wapenda baridi na mvua za bara, kama za Kericho na za Limuru, ambako ulipandwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1903. Hata hivyo, somo la chai lina faida kwako wewe mwenye muhogo.

Jani la chai likichumwa ni kijani. Ndani yake mna vitu viwili, kama majirani waliotengwa na ukuta: katekini, isiyo na rangi, na kimeng'enya, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko. Kiwandani jani hunyaushwa, kisha husagwa. Ukuta ukivunjika, majirani hukutana, na oksijeni ya hewani huingia. Ndipo katekini hugeuka kuwa theaflavini, yenye rangi ya dhahabu, na thearubigini, yenye wekundu wa kahawia. Baada ya saa moja au mbili majani hukaushwa kwa hewa ya moto. Moto huua kimeng'enya, na kazi husimama.

Jaribu mwenyewe. Kata biringani vipande vitatu vyembamba. Cha kwanza kiache wazi. Cha pili kipake ndimu. Cha tatu kichovye katika maji yanayochemka kwa dakika mbili. Baada ya nusu saa, cha kwanza ndicho kitakachozidi kuwa cha kahawia. Ukali wa ndimu huzuia kimeng'enya, na moto hukiua.

Muhogo nao ukijeruhiwa kwa jembe, hewa huingia, na baada ya siku mbili tatu huona michirizi myeusi ndani. Vimeng'enya vyake si vile vya chai, lakini njia ni moja: jeraha, hewa, rangi. Mnunuzi akiuvunja akaona weusi, hupunguza bei au huukataa kabisa, na jasho lako limepotea.

Basi, shika haya:

1. Kata mashina wiki mbili au tatu kabla ya kuvuna. Muhogo utakawia kuharibika.

2. Ng'oa polepole, uache kipande cha shina juu ya muhogo, wala usiutupetupe.

3. Patana na mnunuzi kwanza, ndipo ung'oe.

4. Uliojeruhiwa upikwe siku hiyo hiyo, au umenywe, ukatwe vipande vyembamba, uanikwe juani juu ya kichanja.

Katika chai, weusi ni mali. Katika muhogo, ni hasara.